Kibofu kinaniumbua safarini, na nyumba ya mkwe naiogopa

BARUA

Mshauri, salamu nyingi kutoka Korogwe.

Mimi ni mama wa miaka 62, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Siku hizi nauza khanga na vitenge sokoni. Mwaka jana nilianza kuona damu kwenye mkojo. Haikuuma, ilikuja, ikakata, ikarudi. Nikapewa dawa za UTI, nikamaliza, ikarudi. Nikapewa za kichocho, ikarudi tena. Mwisho nikapelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam, nikapigwa kamera ya kibofu, wakakwangua uvimbe na nyama ikaenda kupimwa. Majibu yakasema ni saratani ya kibofu, ila haijaingia kwenye msuli. Daktari alisema hiyo “ila” nimshukuru Mungu.

Nikaandikiwa dawa inayoitwa BCG, ya kuwekwa ndani ya kibofu mara moja kwa wiki, kwa wiki sita. Sasa niko katikati, na ndiyo maana nakuandikia.

Siku ya dawa naondoka na basi la alfajiri. Nimeambiwa nisinywe maji mengi kabla. Nesi ananiingizia mpira mwembamba, dawa inapita, mpira unatolewa, naambiwa niibane kwa saa mbili ndipo nikojoe. Saa mbili hizo mimi nazitumia kukimbilia stendi ya Mbezi, maana nikichelewa nafika kwangu usiku. Mkojo wa kwanza unaishia choo cha stendi. Unaofuata, Mungu ndiye ajuaye. Unawaka moto na hautoi taarifa. Nikihisi tu, umeshafika.

Safari moja tulikuwa tumeshapita Chalinze, nikamwomba konda wasimame. Akasema tutachimba dawa Mkata. Nikaomba tena. Akajibu kwa sauti ya kusikika basi zima: “Mama, stendi ulikuwa unafanya nini?” Watu wakacheka. Kijana mmoja alimgombeza, basi likasimama, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Nilishuka nimejifunga khanga nyingine juu ya ile iliyolowa, nikachuchumaa nyuma ya kichaka huku malori yakipita, nikarudi kukaa kwenye kiti kilekile. Hakuna aliyesema neno. Nilichosikia ni madirisha yakifunguliwa, moja baada ya jingine.

Tangu hapo, siku ya dawa sinywi tone mpaka niingie nyumbani kwangu. Kichwa kinaniuma, mkojo unatoka kama chai ya rangi na unachoma kuliko mwanzo.

Binti yangu anaishi Kimara na mumewe na mtoto wa miezi mitano. Anataka nilale kwao kila ninapokuja. Mshauri, nyumba yao ya kupanga ina vyumba viwili, sebule na choo kimoja. Mlango wa choo unatazamana na kochi anapokaa mkwe wangu akiangalia taarifa ya habari. Usiku baada ya dawa naweza kwenda chooni kila nusu saa. Je, mkwe wangu anisikilize nikikojoa usiku kucha? Nikilowesha shuka, nalianika wapi? Huyu kijana ananiamkia huku ameinama, na hajawahi kuniona bila mtandio. Hata ugonjwa wangu haujui. Nilimwomba binti yangu amwambie ni figo.

Halafu kuna mjukuu. Jirani yangu wa sokoni aliposikia BCG alisema, “Hiyo si TB? Wamekuwekea TB hao, wanakufanyia majaribio, na mtoto utamwambukiza.” Ndiye huyohuyo aliyenishauri ninunue sipro duka la dawa kwa ajili ya huko kuchoma. Bado sijanunua.

Jingine ni ibada. Najiona najisi muda wote, nimeacha hata darsa la akina mama.

Wanangu wa kiume wanasema nivumilie, zimebaki chache. Mimi nawaza kuishia hapa. Damu imekoma, uvimbe walishautoa. Nikae kwa mkwe nivunje heshima, niendelee na basi nivunjike mimi, au niache?

Mama wa Korogwe


JIBU

Mama, shikamoo.

Pole sana. Nimeisoma barua yako yote, na kila mara narudi kwenye yale madirisha. Yule konda alikukosea, tena mbele za watu, na wewe ukabeba aibu ambayo ilikuwa yake. Nafurahi kwamba kuna kijana aliyesimama upande wako, na kwamba hukumsahau kumtaja.

Umeniwekea njia tatu: kwa mkwe, basi, au kuacha dawa. Kabla hatujagusa hata moja, niruhusu nikuulize kitu. Zote tatu umezipima kwa kuangalia watu watakuonaje: abiria, konda, mkwe, jirani. Sijaona popote ulipouliza mwili wako unahitaji nini katika zile saa za mwanzo baada ya dawa. Tuanzie huko. Heshima tutaifikia, sijaisahau.

Kwanza maji. Ulipoambiwa usinywe mengi kabla ya dawa, ulielezwa sawasawa: mkojo ukijaa, dawa inazimuliwa, na kuibana saa mbili kunakuwa shida. Lakini katazo hilo linaisha ukishakojoa mara ya kwanza. Baada ya hapo wagonjwa wengi huambiwa kinyume chake, wanywe vizuri ili kibofu kijisafishe, isipokuwa kama daktari amekupimia maji kwa sababu ya moyo au figo. Nadhani agizo la saa chache umelirefusha likawa la siku nzima, kwa sababu ya basi. Na mkojo mzito hukichoma zaidi kibofu ambacho tayari kimevimba kwa dawa. Hivyo kiu unayojiwekea ili usiumbuke huenda ndiyo inayokuzidishia haja ya kukojoa kila mara.

La pili ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, na sijui kama ulielezwa ukaelewa au uliambiwa mbiombio huku ukiwazia stendi. BCG ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa takriban saa sita baada ya kuitoa, mkojo wako bado unavyo. Ndiyo maana wagonjwa huelekezwa kuchuchumaa chini ili mkojo usiruke, kumwagia Jik chooni kila wanapokojoa, kusubiri kama dakika 15 ndipo wamwage maji, kisha kunawa vizuri kwa sabuni mikono na sehemu za siri. Sasa fikiria saa hizo sita wewe unazitumia wapi. Choo cha stendi, kichaka cha njiani, kiti cha basi. Sikulaumu hata kidogo, mama. Ratiba uliyopewa na ratiba ya mabasi hazikukutanishwa na mtu yeyote. Lakini safari ya siku ileile ina tatizo kubwa kuliko aibu, na tatizo hilo haliondoki hata ukipata konda mwenye adabu.

Kuna habari njema pia. Kule kuwaka na kubanwa huanza saa chache baada ya dawa, na kwa wengi hupungua ndani ya siku mbili au tatu. Kwa maneno mengine, umekuwa ukisafiri katika saa mbaya kuliko zote. Ukisogeza safari mbele kwa usiku mmoja, au mbili ukiweza, barabara ni ileile lakini hutakuwa abiria yuleyule.

Ndipo tunapofika Kimara.

Umenieleza kwa urefu mkwe wako atafikiri nini. Nimetafuta kwenye barua jambo hata moja alilosema mwenyewe, sikulipata. Anainama anapokuamkia; hilo linanionyesha kijana anayejua wewe ni nani kwake. Ila hajapewa nafasi ya kujua unaumwa nini, kwa hiyo hata akitaka kukustahi hajui akustahi vipi. Mtu aliyeambiwa “figo” ataendelea kukaa kwenye kochi lake akitazama habari, hana sababu ya kuhama. Aliyeambiwa kwamba mama amewekewa dawa ya kibofu, leo usiku atatoka mara nyingi na anaona haya, anaweza kuamua mwenyewe kuangalia habari kwenye simu chumbani. Huhitaji kuyasema wewe. Kwetu mambo ya mama mkwe na mkwe yana mpitishaji, na mpitishaji unaye: binti yako. Kuna kaka yako au shangazi wa mkwe pia, kama ingefaa zaidi. Na neno saratani lisemwe au lisisemwe, hilo ni lako kuamua.

Hata hivyo choo kile si lazima kiwe njia yako pekee usiku. Ndoo yenye mfuniko chumbani, chupa ya Jik pembeni, mlango umefungwa, na binti anaimwaga asubuhi kabla mume hajaamka. Bibi zetu walilala na ndoo chumbani na hakuna aliyewavunjia heshima. Weka mpira wa godoro chini ya shuka, vaa pampasi za wakubwa za duka la dawa, na dera la rangi ya kiza. Kuhusu shuka, nyumba yenye mtoto wa miezi mitano kamba ya nguo haijawahi kuwa tupu. Nguo zilizopata mkojo zifuliwe peke yake, mara moja, zisichanganywe na za wengine.

Siwezi kukuficha upande wa pili. Inawezekana mkwe akawa mtu mwema na wewe bado usilale kwa haya, ukawa unajizuia hadi uumie. Inawezekana pia choo hicho kinatumiwa na wapangaji wengine, na huko hamwezi kumwagia dawa mkasubiri robo saa bila mtu kugonga mlango. Ukiona hivyo, kuna njia hukuitaja: chumba cha gesti chenye choo ndani, karibu na hospitali. Faragha utaipata, pamoja na kitanda kisicho na macho ya mtu. Gharama yake unaijua, na hasara nyingine ni kuwa peke yako homa ikipanda usiku wa manane. Hao wanao wa kiume wanaokuhimiza uvumilie, mmoja wao hawezi kulipia chumba na kulala jirani? Kuvumilia wakugawie na wao. Na pale hospitalini muulizie ofisa ustawi wa jamii. Kazi yake ni pamoja na wagonjwa wanaotoka mbali wasio na pa kulala.

Muulize pia daktari wako kama dozi zilizobaki zinaweza kutolewa karibu zaidi, Tanga au Moshi. Huenda akasema hapana, kwa sababu dawa hii hutunzwa kwenye ubaridi na imekuwa ikiadimika duniani. Lakini kuuliza hakugharimu nauli.

Kwa jirani yako sitakaa sana. BCG ni ileile chanjo ya kifua kikuu iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1921, na majaribio ya kuiweka kibofuni si ya leo: Daktari Alvaro Morales na wenzake wa Kanada walichapisha matokeo yao mwaka 1976. Inauamsha mwili upambane na saratani palepale ilipo. Mjukuu wako, kama alichanjwa alipozaliwa, anayo begani. Huwezi kumwambukiza kwa kumbeba, kumbusu wala kupumua karibu naye; kinachohitaji tahadhari ni mkojo, kwa hiyo nawa mikono kisha mchukue mtoto. Kama kuna mtu nyumbani mwenye kinga dhaifu, mwambie daktari apate kukuelekeza zaidi.

Sipro usinunue. Tena nakushukuru kwa kusita. Dawa za kundi hilo zinaweza kuviua vijidudu vya BCG na kuipunguzia tiba nguvu, na kuchoma huku mara nyingi hakutokani na UTI bali na dawa yenyewe kufanya kazi. Vipo vidonge vya kutuliza misuli ya kibofu na vya maumivu ambavyo daktari anaweza kukuandikia. Ameviandika? Barua yako haisemi, na nahisi hujamweleza unavyoteseka.

Kuna hali moja sitaki uisubirie. Homa ndogo na uchovu wa siku moja ni kawaida. Lakini joto likifika 38.5 au zaidi na likagoma kushuka, ukatetemeka, ukashindwa kukojoa, au damu ikatoka na mabonge, nenda hospitali usiku huohuo. Ukiwa Korogwe watakupima malaria, na wafanye hivyo, wewe waambie kabla hawajaandika dawa: “Nimewekewa BCG kwenye kibofu.” Tembea na kadi ya hospitali ndani ya pochi, si kwenye begi la kabatini. Mara chache sana vijidudu hivi huingia mwilini, na matibabu yake ni mengine kabisa, ya kundi la dawa za kifua kikuu. Hata ikiwa wiki kadhaa zimepita, sema.

Sasa kuacha. Mwili ni wako na hakuna wa kukulazimisha. Ninachokuomba ni kutenganisha vitu viwili ambavyo safari imevichanganya. Unaichoka dawa, au unalichoka basi? Damu kukoma ni jambo zuri, lakini dawa hii hukupewa kwa ajili ya damu. Saratani ya kibofu isiyoingia kwenye msuli ina tabia ya kurudi hata baada ya kukwanguliwa vizuri, na BCG hutolewa kuizuia isirudi wala isizame ndani. Ukiacha katikati, unaachia mlango huo. Ukiendelea kwa namna hii ya sasa, unaumia. Kati ya hayo mawili kuna mambo ambayo daktari anaweza kuyafanya: kuahirisha wiki moja mwili upumzike, kupunguza kipimo, kuongeza vidonge, kukuruhusu ubaki pale wodini au kliniki mpaka zile saa mbili ziishe na mkojo wa kwanza utoke kwenye choo chenye maji. Hawezi kufanya lolote ikiwa kila wiki anakuuliza “Hali?” nawe unajibu “Nzuri.” Msimulie habari ya kiti. Kama huwezi kuisema mbele ya mwanamume, mwambie nesi, au mpe kipande hiki cha barua asome.

Ibada nimeiacha mwisho, ingawa nadhani ndiyo inayokuuma zaidi kwa siri. Mtu anayetokwa na mkojo bila uwezo wa kuuzuia ana hukumu yake katika dini, na si hukumu ya kufukuzwa. Wanazuoni wameeleza namna anavyojisafisha, akajisitiri, akatawadha wakati wa sala ukishaingia, akaswali. Msafiri naye ana ruhusa zake. Muulize ustadhi unayemwamini, au mke wake umweleze yeye. Darsani wala usiseme unaumwa nini. Kaa karibu na mlango.

Na siku utakapopanda basi la kurudi, awe ni mkwe amekuweka au gesti, kata kiti karibu na mlango na umwambie konda kabla gari halijaondoka, kwa sauti ya ualimu: “Mwanangu, mimi ni mgonjwa, nitahitaji kushuka mara mbili njiani, nisaidie.” Wengi wakiambiwa mapema huwa watu wengine kabisa. Chimba dawa kila wanaposimama, hata kama huhisi kubanwa. Mtu akikusindikiza, akushikie khanga. Wanaume huchimba dawa zao kwa dakika moja wamesimama, ndiyo maana hawakumbuki kwamba sisi tunahitaji pazia. Uliza pia stesheni ya Korogwe kuhusu treni ya kaskazini, ile iliyorudi mwaka 2019. Ni ya polepole na siku zake huenda zisioane na kliniki yako, ila ina choo ndani.

Binti yako ameshakukaribisha zaidi ya mara moja. Mpigie, msikie mumewe anasemaje, kisha uamue. Na ukishapigwa kamera baada ya dozi hizi, tuandikie.

Mshauri